Mwendo Nilioandikiwa Barabara ya Puge

Jumatatu, 4 Oktoba 1976

Nimefika kituo cha polisi saa mbili na dakika tano. Nilikusudia saa mbili kamili. Jirani yangu Mabruki alinishika mlangoni kwa salamu.

Haja yangu ilikuwa barua moja tu: kwamba mimi, Wenceslaus Raymundi, mwalimu mstaafu, sina kesi. Uhamiaji wanaitaka kabla ya kunipa pasi. Barua ya balozi wa nyumba kumi ninayo. Ya kodi ninayo. Hii ndiyo ya mwisho. Treni ya Kigoma ni Jumatano ya tarehe 20, kisha meli hadi Mpulungu. Binti yangu Apolinaria anakuja mwenyewe kutoka Ndola kunichukua, nikakae kwake. Miaka sitini na mitatu – na sasa nahama nchi!

Koplo wa zamu alikuwa Tatu, niliyemfundisha darasa la sita. Akasimama. Shikamoo Mwalimu. Marahaba. Akafungua jalada, akapekua akitabasamu. Kisha akaacha kutabasamu.

"Mwalimu, hapa una kesi."

Nikamwambia asome vizuri. Akasoma vizuri. Gari Volkswagen, TDK 418. Kuendesha kwa mwendo wa hatari, barabara itokayo Puge, kwenye kizuizi cha kuingia mjini. Tarehe 21 Agosti 1974, saa kumi kasoro robo alasiri. Maili sitini kwa saa mahali pa maili thelathini. Aliyeandika: Konstebo Lukumani. Mshtakiwa hakufika mahakamani. Hati ya kumkamata imetolewa Novemba mwaka huo huo. Wito ulipelekwa shuleni, nami nilikuwa nimekwisha kustaafu.

Askari mmoja kijana aliyekuwa dirishani akacheka. "Kumbe mzee naye alikuwa dereva wa mbio!"

Tatu akamkata jicho. Yeye anaijua tarehe hiyo. Alikuwa mazikoni.

Nilitoka bila kuaga. Si desturi yangu.

Jumanne, 5 Oktoba

Sikulala vizuri. Mashtaka haya ni ya uongo. Naandika hapa, kwa kuwa hapa hapana mtu wa kunibembeleza: sijapata kuendesha gari maili sitini kwa saa. Hata siku moja. Sijui gari langu linasikikaje likifika sitini.

Asubuhi nilikwenda dukani kwa Mabruki. Ni fundi cherehani na ndiye balozi wetu. Anashona koti langu la safari. Nikamweleza. Hakuacha kukanyaga cherehani.

"Mwalimu, wewe unasikitika nini? Kosa lile mji mzima tunalijua. Mimi mwenyewe nilitoa shilingi mbili kaburini."

"Ile ilikuwa utani, Mabruki."

"Basi huu si utani. Lipa uende zako. Watu hulipa faini kwa ajili ya ulevi, kwa ajili ya magendo ya sukari. Wewe unalipa kwa kumkimbiza mkeo hospitali. Mimi ningeitundika ukutani hiyo risiti!"

Wateja wawili wakaitikia: kweli kabisa. Mmoja akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Nikaona haya, wala wao hawakujua ni haya ya nini.

Koti ni refu mkono wa kushoto. Nimemwambia arekebishe.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimeahirisha kuandika jambo hili kwa miaka miwili. Naandika sasa kwa mpangilio, kama ninavyotaka wengine waandike.

Mke wangu Josepha alikuwa kwao Puge, kwa mdogo wake Leonia. Nilikwenda kumchukua. Nikamkuta amelala, tumbo limekuwa gumu kama ubao, uso una jasho. Tukamlaza kiti cha nyuma. Leonia alitaka kuja nasi, lakini alikuwa na mtoto mchanga. Tukaondoka sisi wawili. Nilitazama saa: saa saba kamili mchana. Kutoka pale hadi kizuizini ni maili arobaini na nane.

Ulikuwa mwaka wa watu kuhamia vijijini. Barabara ile ambayo zamani ilikuwa pori kutoka Puge hadi karibu na mji ilikuwa imejaa vijiji vipya, nyumba za miti zimepangwa kando ya njia, nyingine hazijapata paa. Kila kijiji kilikuwa kimesimamisha kibao chake, mbao ya sanduku na rangi nyeupe. PUNGUZA MWENDO. MAILI 15. Vibao kumi na kimoja. Nilivihesabu.

Nilipunguza mwendo kwa kila kibao.

Nimejiuliza kwa nini. Nilikuwa nimewafundisha watoto miaka thelathini na minane kwamba amri haichagui mtu wala siku. Nadhani nilikuwa naogopa pia. Mtu anayeogopa hushika alichokizoea. Mbele ya kijiji kimoja ng'ombe walikuwa wanavuka. Nikazima injini nikangoja hadi ng'ombe wa mwisho. Mahali pengine nilisimama nikakaza kifuniko cha gurudumu kilichokuwa kinapiga kelele, maana kelele ile ilimsumbua. Ndivyo nilivyojiambia.

Josepha aliuliza mara moja tu, "Baba Apolinaria, mbona hatufiki?"

Nikasema tunafika.

Kizuizini alikuwapo Konstebo Lukumani. Mzaramo, mtani wangu. Wazaramo na sisi Wanyamwezi tunataniana tangu babu zetu waliposhuka pwani na mizigo ya pembe kichwani na wao wakiwauzia maji. Lukumani alikuwa na haki yake yote kwangu: alichukua jogoo wangu bila kuomba, alivaa kofia yangu sokoni, na mimi nilimwita mla mihogo mbele ya inspekta wake. Mimi si mtu wa mzaha, lakini utani si mzaha. Ni wajibu.

Alianza vilevile. "Haa! Mnyamwezi huyo! Nimekuona tangu kilimani, nikadhani ni kobe amevaa bodi! Umebeba mayai?" Kisha akachungulia nyuma. Akamgusa Josepha paji la uso.

Akasema, "Kimbia."

Nikamwonyesha kibao cha maili thelathini.

Sijapata kuona uso kama ule. Akatoa daftari, akaandika kwa nguvu hadi penseli ikavunjika ncha, akachana karatasi akanisukumia mfukoni mwa shati. "Haya! Nimekuandika maili sitini! Kosa umekwisha kulifanya. Sasa nenda ukalitimize!"

Kutoka kizuizini hadi hospitali ni maili tatu. Nilikanyaga mafuta. Nakumbuka sindano ilifika arobaini. Kisha mbele nikaona shule, watoto wanatoka. Nikashuka thelathini, nikashuka ishirini. Nikasimama wapite.

Daktari alisema nami faraghani, mimi na yeye tu. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Mngemfikisha saa moja na nusu kabla, alisema, ningejaribu.

Alifariki saa moja jioni.

Nimeandika. Mwandiko mbaya.

Alhamisi, 7 Oktoba

Yabaki habari ya kaburini, maana ndiyo iliyoleta kesi.

Apolinaria alikuwa muuguzi Mwanza wakati ule. Tulikuwa hatusemezani kwa miaka sita. Aliolewa na kijana Mmoravia nami nilikataa kwenda kanisani kwao. Barua zake nilizirudisha bila kuzifungua. Mama yake alizisoma kwa siri – nilijua, nikajifanya sijui. Alifika kwa treni ya asubuhi, siku ya maziko. Akasimama ng'ambo ya kaburi. Hakunipa shikamoo.

Watani wana kazi yao mazikoni. Kabla ya jeneza kushushwa Lukumani akaruka kaburini, na sare yake yote, akalala chali.

"Sitoki! Huyu Mnyamwezi wenu juzi kanipita kizuizini maili sitini! Kakumbatia usukani kama mwizi wa ng'ombe, mkewe nyuma, vumbi tupu! Nikapiga filimbi, wapi! Nimemwandika! Alipe faini yangu hapa hapa, ama mnizike na mimi!"

Watu wakacheka wakilia, kama ilivyo kawaida. Sarafu zikaanguka. Mabruki shilingi mbili. Mimi nilitoa ile karatasi mfukoni, nikaiviringisha na noti ya shilingi kumi nikamtupia. Akapaza sauti: "Faini imelipwa!" Akatoka.

Nilipoinua uso, Apolinaria alikuwa amezunguka kaburi. Akanishika mkono. Akasema, "Baba. Wewe! Ulikimbia?"

Nami sikusema neno.

Hilo ndilo kosa langu. Mengine yote ni mwendo wa gari.

Na kosa la pili, dogo: niliamini faini iliyolipwa kaburini kwa mtani mbele ya watu imekwisha. Nani angedhani mahakama inaweza kudai utani?

Ijumaa, 8 Oktoba

Nimeulizia kwa Tatu, naye akaninakilia shtaka. Lukumani alistaafu mwaka jana. Analima pamba Lusu, kwao mkewe. Nitakwenda kesho. Petroli ipo ya kutosha kwenda na kurudi.

Sijaipita njia hiyo tangu siku ile.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimekwenda, nimerudi. Mvua bado. Vibao vingine vimeanguka, vingine vimechukuliwa kuwa kuni. Vijiji viwili vimehama tena, nyumba ni miti mitupu. Hata hivyo nilipunguza mwendo mahali pa kila kibao, kilichopo na kisichokuwapo.

Lukumani alikuwa ameketi kivulini kwenye banda la pamba, mguu umevimba, ameuweka juu ya gunia. Aliponiona akapiga kelele kabla sijafunga mlango wa gari.

"Mama Zena! Njoo umwone Mnyamwezi! Mwalimu, umetoka Tabora lini? Pasaka?"

Nilijua angesema hivyo. Hata hivyo lilinichoma. Naye akaona.

"Kaa, mtani," akasema kwa sauti nyingine.

Nikampa karatasi ambayo Tatu alininakilia. Akaisoma kwa shida, akashika kichwa. Akaeleza kwamba daftari lile lilikuwa na karatasi tatu tatu na kaboni katikati. Ya juu alinipa. Ya pili aliichana jioni ile ile. Ya tatu aliisahau – siku ya nne baada ya maziko alihamishiwa Urambo, akakabidhi daftari kama lilivyo. Aliyelipokea akapeleka kila kilichokuwamo.

"Askari mzima! Kaboni imenishinda!" Akacheka, kisha akaacha. "Nitakuja mahakamani. Nitasema niliandika uongo."

"Watakufunga."

"Watanifunga na mguu huu? Watanibeba. Nitakuja tu, mtani. Wazaramo hatukimbii." Akanitazama. "Wala nyinyi hamkimbii. Hilo tunalijua wote wawili."

Mkewe alileta uji. Tulikunywa.

"Nilikuandika kwa hasira," Lukumani akasema. "Usidhani ni huruma. Nilitaka kila ukiitazama karatasi ile uone haya hadi ufe. Lakini kaburini nikamwona binti yako, anakutazama kama mtu anayepita nyumba aliyofukuzwa. Nikasema, basi. Hasira yangu mimi ni ya siku mbili. Ya mtoto ni ya maisha. Nikaigeuza palepale, nimelala kaburini."

Nikamshukuru kwa uji.

Nilipokuwa naondoka akaniita. "Mtani! Siku ile, ulipotoka kizuizini – ulikimbia?"

Nikawasha injini.

"Basi," akasema. "Nenda salama. Polepole."

Nadhani la mwisho alilisema kwa kuzoea tu.

Jumapili, 10 Oktoba

Misa ya kwanza. Nimekaa kiti cha nyuma, mahali pa wachelewaji. Paroko aliniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 11 Oktoba

Mahakamani. Karani anaitwa Shaban, mtu mtaratibu, kalamu mbili mfukoni. Alinieleza vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kesi yangu itasomwa Alhamisi tarehe 14. Hakimu ataniuliza: ni kweli au si kweli? Nikisema kweli, faini haitazidi shilingi mia na hamsini. Nitalipa pale pale, hati ya kukamata itafutwa, na saa sita nitakuwa na barua yangu. Nikisema si kweli, shahidi aitwe. Shahidi ni konstebo aliyeandika. Kesi itaahirishwa hadi Desemba, labda Januari.

"Mwalimu, nakushauri kama mtoto wako. Sema kweli uondoke."

Nikamwambia: hiyo anayoiita kweli ndiyo si kweli.

Akacheka kwa adabu. Alidhani ni msemo.

Jumanne, 12 Oktoba

Treni ya Kigoma ilichelewa saa tatu. Nilikuwapo stesheni kwa saa yake.

Apolinaria ameshuka na sanduku moja na kikapu cha samaki wakavu wa Kigoma. Amenenepa kidogo. Ana mvi moja hapa mbele, kama mama yake alivyoanza. Shikamoo Baba. Marahaba, mwanangu. Akatazama viatu vyangu, akasema bado unavipiga rangi kila asubuhi! Tukacheka, wote wawili. Sikumbuki lini tulicheka pamoja.

Usiku – hapana, ilikuwa bado magharibi, taa haijawashwa – akaniambia chumba changu huko Ndola kina dirisha la mashariki. Mumewe amelipaka rangi mwenyewe. Amenitengenezea na rafu ya vitabu. Yule Mmoravia niliyemfungia mlango!

Nikamweleza kuhusu kesi, kwamba Alhamisi nina shauri mahakamani. Nilidhani atakasirika. Alifurahi! Akapiga magoti mbele ya kiti changu.

"Baba, ile? Ile ya Mama? Nitakuja. Nataka niisikie ikisomwa."

Nikasema si jambo la kusikiliza.

"Baba, hujui. Kule wodini watu huleta wagonjwa wao wamechelewa. Wengine walikuwa wanangoja mshahara, wengine wanangoja mganga, wengine waliona aibu. Huwa nawakasirikia sana, hata nashindwa kuwagusa. Halafu nakukumbuka wewe. Nasema: baba yangu ni mtu ambaye hata akinyeshewa mvua hakimbii. Lakini siku ile alikimbia. Kumbe mtu anaweza. Ndipo nawasamehe, maana najua siku nyingine nao watakimbia."

Akaongeza kwa sauti ya chini: "Na wewe nilikusamehe kwa hilo, Baba. Nilikuwa nimekuja kukuzika na wewe, moyoni. Nirudi Mwanza nisirudi tena."

Nikasema taa iwashwe.

Jumatano, 13 Oktoba

Nilianza kumwambia mara mbili.

Asubuhi, wakati wa chai. Nikasema, "Kuhusu siku ile –" Akaniwekea kiazi kingine. "Kula, Baba. Utakonda kabla sijakufikisha."

Mchana, tukifunga vitabu. Nikasema kwamba Mama yako alipokuwa garini aliuliza swali. Akainama haraka, akaniomba nisimwambie sasa, atashindwa kufunga sanduku. Nikanyamaza. Nilifurahi kunyamazishwa. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Hesabu yangu ni hii. Nikisema kweli, nitaondoka na binti yangu, nitakaa kwenye chumba chenye dirisha la mashariki, na kila siku atawasamehe wagonjwa kwa jina langu. Nitakuwa nimeweka sahihi yangu chini ya uongo, mbele ya hakimu. Nimechapa watoto kwa uongo. Kwa hesabu mbaya, nadra. Kwa uongo, kila mara.

Nikisema si kweli – hakimu atauliza, basi ulikuwa unakwenda mwendo gani? Na Apolinaria atakuwa ameketi kiti cha mbele.

Mabruki ameleta koti. Mikono yote miwili sasa ni sawa. Hakutaka malipo. "La safari hilo," akasema. "Ndola wasije wakasema Tabora hakuna mafundi."

Saa kumi nilikwenda nyuma ya nyumba nikafungua gari, nikaketi. Sindano ya mwendo iko sifuri. Nilitazama nambari zote hadi themanini. Kiti cha nyuma kimetoboka mahali pamoja, pale Josepha alipokuwa akishika.

Alhamisi, 14 Oktoba

Naandika kwa penseli, kwenye benchi la nje ya mahakama. Ni saa nne na dakika kumi na mbili.

Tulifika saa mbili na nusu. Apolinaria amejifunga khanga ya mama yake, ile ya bluu, ambayo sikujua kama aliichukua. Amekaa kiti cha mbele, kama nilivyojua atakaa. Mabruki alikuja pia, ameacha duka. Tatu alikuwa mlangoni na sare yake. Wote walikuwa na nyuso za watu waliokuja kwenye ubatizo.

Kesi mbili kabla yangu: baiskeli iliyoibwa, na mtu aliyemvunja jirani yake jino. Kisha jina langu.

Mwendesha mashtaka akasoma. Aliisoma kwa haraka, lakini hakuruka kitu. Gari. Mahali. Tarehe. Saa kumi kasoro robo alasiri. Maili sitini.

Hakimu ni kijana mwenye miwani. Akaniambia niketi kama nimechoka. Nikasema sijachoka. Akauliza: "Mzee, umesomewa shtaka. Ni kweli au si kweli?"

Nilifungua mdomo. Nilisikia feni.

"Mzee, umenisikia?"

"Nimekusikia, Mheshimiwa."

"Basi jibu. Neno moja tu."

"Naomba nipewe muda."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Nilimsikia Mabruki akisema, "Leo anataka muda, siku ile hakutaka!" Hata hakimu alitabasamu. Akasema mahakama inakwenda chai, itarudi saa nne na nusu, na nitajibu.

Basi tumekaa hapa. Mabruki amekwenda kutafuta kahawa. Tumebaki wawili.

Mwanzoni Apolinaria alikuwa ameweka mkono wake juu ya wangu. Alikuwa akitazama uwanja. Kisha akasema, bila kugeuka:

"Baba, wamesoma saa kumi kasoro robo."

"Ndiyo."

"Ni sahihi?"

"Saa ni sahihi."

Akanigeukia.

"Mama mdogo Leonia aliniambia alikuwa anapakua chakula cha mchana mlipoondoka. Puge mlitoka saa ngapi?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Mzee wa miaka sitini na mitatu anaruhusiwa kusahau. Hakuna ambaye angeshangaa.

Nikasema, "Saa saba."

"Kamili?"

"Kamili. Nilitazama saa."

"Ni maili arobaini na nane," akasema. Alikuwa anasema peke yake.

Mimi ndiye niliyemfundisha. Alikuwa na miaka minane, sakafuni jikoni, kwa kipande cha mkaa. Treni imetoka Tabora saa fulani, imefika mahali fulani saa fulani, je, mwendo wake ni nini? Alikuwa mwepesi kuliko wavulana. Mama yake alikuwa akimpitishia kiazi cha moto kwa kila jibu sahihi.

Ameondoa mkono wake juu ya wangu. Si kwa hasira. Anavihitaji vidole. Naviona vikikunjika kimoja kimoja chini ya khanga.

Shaban ametoka mlangoni. Ameita jina langu. Mabruki anarudi mbio na vikombe viwili, ananipungia mkono niingie.

Midomo ya Apolinaria bado inakwenda. Ni hesabu rahisi, lakini nadhani anairudia tangu mwanzo. Nami nilimfundisha hivyo: usiamini jibu la kwanza.

Shaban ameita mara ya pili.

Sijapata kuitwa mara tatu maishani mwangu. Ameita tena.

Sisimami. Nangoja binti yangu amalize hesabu.